Chai Ililetwa

Riwaya yenyewe ni ya zamani, ya nchi za baridi,
ina nyumba ya vyumba kumi na sita na mabinti watatu wa kuozwa.
Tuliitafsiri kwa ajili ya shule. Tukataka michoro kumi na miwili
ya kuchongwa, nyeusi kwa nyeupe, kama ya kale,
maana Mkurugenzi alisema wino wa rangi ni ghali.

Nikamwendea Syombua Kilundo, Kariobangi,
nyuma ya wachomeleaji wa mageti,
mahali unapoongea kwa mikono hadi mashine inyamaze.
Wajomba zake walichonga twiga kwa watalii.
Yeye huchonga vitu vya kupigwa chapa:
hukata mzeituni wa mwituni kwa patasi
alizozinoa kutoka vyuma vya mwavuli uliovunjika,
na kila kitu hukichonga kinyume, kushoto kuwa kulia,
ili karatasini kisimame sawa.
"Ukikata, ni nyeupe," alinieleza. "Ukiacha, ni nyeusi.
Basi."

Alisoma kitabu chote. Wachoraji wengi husoma muhtasari.
Sura ya tisa, ukurasa wa themanini na nne,
posa inazungumzwa sebuleni, mahari inapimwa kwa macho,
kisha sentensi moja, ndimi niliyeifasiri:
Chai ililetwa.
Hapo mwandishi anapita. Nami nilipita.
Syombua hakupita.

Mchoro ulipokuja: mabinti, mchumba,
saa ya ukutani, saa kumi jioni,
pazia la mikunjo mia, kila mkunjo uzi wa patasi.
Na pembeni, kutoka nje ya fremu,
mkono.
Mkono tu, mweusi tititi, umeshika sinia,
kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Mkurugenzi akavaa miwani, akavua.
"Huyu nani? Kitabuni hayumo."
Nikampigia Syombua simu. Kelele za chuma, kisha sauti yake:
"Mwambie chai haijileti."

Mkurugenzi alicheka, kicheko cha mtu mwenye ankara mezani.
Wizara itauliza, alisema, wazazi watauliza,
hadithi ni ya mapenzi, tusiipake siasa.
Aondoe.
Ndimi niliyebeba ujumbe. Sikuubishia hata kwa kikohozi.
(Kwangu Kileleshwa chai huletwa saa kumi na mbili u nusu.
Sukari huwa imekwisha kukorogwa.)

Syombua alinitazama muda wa bawaba moja kuchomelewa.
Akachukua kile kipande cha mti, akainama.
Sasa, kumbuka alivyonifunza:
mti hauna ufutio. Kuondoa ni kukata,
na kilichokatwa hutoka cheupe.
Akaufuata mkono, ukingo kwa ukingo,
kucha, kifundo, kitambaa cha kidole,
akaukwangua wote, hakubakiza, hakuzidisha.
"Nimeondoa," akasema, akapuliza vumbi la mti
likanitua kwenye tai.

Ukachapwa hivyo. Sebule yote na giza lake la starehe,
na sinia limeshikwa na pengo
lenye umbo la mkono.
Mkurugenzi hakuona, au aliona akahesabu gharama.

Miaka minne baadaye, Ngara, vitabu vya mitumba
vimetandazwa juu ya gunia,
nikaokota nakala yetu, jalada limeshikizwa kwa selotepu.
Ndani: Lavenda Moraa, 2 Mashariki.
Nikaenda moja kwa moja themanini na nne.

Pengo lilikuwa limejazwa kwa biki ya buluu,
limekolezwa hadi karatasi ikatoboka kidogo kwenye kiwiko.
Mkono umevishwa saa.
Ukutani bado ni saa kumi jioni.
Mkononi, mishale miwili midogo,
na kando yake, kwa herufi za kubanana:
saa kumi na moja alfajiri.

Nililipa shilingi hamsini. Muuzaji akaniomba radhi
kwamba kimechorwachorwa.